Upepo wa Tairi Hufuata Udongo

Miyuji ni kata iliyo kaskazini mwa Jiji la Dodoma, upande wa njia ya kwenda Arusha. Barabara kuu ina lami, lakini gari likiiacha na kushika njia za mitaani au zile za kwenda vijijini, tairi hukanyaga udongo wa aina tatu ndani ya mwendo mfupi: mwekundu wenye changarawe kwenye miinuko, mchanga mweupe wa chembe kubwa chini ya vilima na ndani ya makorongo, na mweusi wa mbuga mabondeni. Dereva hupita kote huko kwa upepo uleule aliojaza mjini, psi 35 (paundi kwa inchi ya mraba), au 45 kama amepakia mzigo. Gari likinasa, lawama huangukia mchanga, au injini, au aliyechonga njia. Mara nyingi sana mwenye kosa ni upepo. Tairi lililojazwa kwa ajili ya lami halifai kwenye mchanga, na kulipunguza kwa kipimo kisha kulirudisha ni ujuzi wa udereva unaostahili kufundishwa kama tunavyofundisha kubadili gia mlimani. Ninasema kwa kipimo kwa sababu upepo uliopunguzwa kwa kubahatisha, bila geji na bila njia ya kuurudisha, ni hatari kuliko ule uliozidi, na hilo litadai nafasi kubwa katika maelezo haya.

Kwanza udongo, maana bila kuuelewa hatuwezi kuelewa tairi. Aliyeeleza mpangilio wake vizuri kuliko wote ni Geoffrey Milne, mtaalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani kule Usambara Mashariki, aliyezunguka Tanganyika katika miaka ya 1930 akichimba na kuchunguza. Milne aligundua kwamba aina za udongo kwenye mteremko hazikutawanyika ovyo: hufuatana kutoka kileleni hadi bondeni kwa utaratibu unaojirudia kilima baada ya kilima. Utaratibu huo aliuita katena, na leo hufundishwa vyuoni duniani kote. Dodoma ni mahali pazuri pa kuuona. Mawe ya matale yaliyo chini ya uwanda huu wa kati ni ya kale mno, na yanapomeng'enyuka huacha chembe ngumu za kwatzi pamoja na udongo laini. Mvua, ambayo huku hunyesha kwa nguvu kati ya Desemba na Aprili kisha hukatika kabisa, huuchukua ule udongo laini na kuushusha mabondeni, ambako hutuama na kuwa mbuga nyeusi. Chembe kubwa hubaki njiani, kwenye tako la mlima na kwenye sakafu ya korongo. Ndiyo maana mchanga wa ujenzi wa Dodoma huchotwa makorongoni, na tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa vitendo, malori yanayoufuata mchanga huo yameongezeka sana. Dereva anayetoka kileleni hadi bondeni amepita kwenye katena nzima. Aina tatu za udongo zimepita chini yake, na tairi halikubadilika hata kidogo.

Sasa tairi lenyewe. Uzito wa gari haubebwi na mpira wa tairi. Hubebwa zaidi na upepo ulio ndani. Kwa hiyo eneo linalogusa ardhi hutegemea vitu viwili vikubwa, uzito uliokaa juu ya gurudumu na msukumo wa upepo. Tuchukue gari aina ya Land Cruiser lenye watu na vifaa, jumla kilo 2,800, yaani kilo 700 kwa kila gurudumu. Upepo wa psi 35 ni sawa na karibu kilo 2.5 kwa kila sentimita moja ya mraba. Gawanya 700 kwa kiasi hicho, unapata sentimita za mraba 285 hivi, pungufu ya nusu ya karatasi ya kuandikia ya A4. Shusha upepo hadi psi 18 na hesabu inakupa sentimita za mraba zipatazo 550, karibu karatasi nzima. Tairi halisi lina ukakamavu wake, hivyo ongezeko hupungua kidogo kuliko hesabu inavyosema, lakini mwelekeo ni huohuo: ardhi inabeba uzito uleule kwa eneo linalokaribia mara mbili, na kila chembe ya mchanga inasukumwa kwa nguvu pungufu.

Wengi hudhani faida ya upepo mdogo ni tairi kuwa pana. Hutanuka kweli, lakini kidogo. Kinachoongezeka zaidi ni urefu wa sehemu iliyolala chini, kuanzia mbele ya gurudumu hadi nyuma yake, na urefu huo ndio unaookoa. Tairi gumu likiingia kwenye mchanga mlegevu huzama, na likisha kuzama hujikuta linasukuma kilima kidogo cha mchanga mbele yake. Gari linakuwa linapanda mlima usioisha, ijapokuwa korongo ni tambarare. Dereva akihisi gari linazidiwa hukanyaga mafuta. Gurudumu huzunguka papo hapo, hutupa mchanga nyuma, na baada ya sekunde chache gari limekalia tumbo. Tairi lililolala kwa urefu hupita juu ya mchanga kabla haujapata nafasi ya kukimbia pembeni. Hubana chembe zikashikana, na chembe zilizoshikana ndizo zinazolipa gurudumu kitu cha kukanyagia. Linazama kidogo, kilima cha mbele kinakuwa kifupi, na injini inahitaji nguvu pungufu kwa kazi ileile.

Ushahidi wa haya ni mkongwe. Mwaka 1929, 1930 na 1932 Ralph Bagnold, afisa wa jeshi la Uingereza aliyekuwa amekaa Misri, aliongoza safari katika jangwa la Libya ambalo wengi waliamini halipitiki kwa gari. Magari yake yalikuwa Ford za kawaida za wakati ule, zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Kilichowapitisha ni mbinu: kusoma rangi na umbo la mchanga kabla ya kuuingia, kubeba mabati ya kuweka chini ya magurudumu, na kupunguza upepo wa matairi. Mwaka 1940, vita vilipofika Afrika Kaskazini, Bagnold aliunda kikosi cha Long Range Desert Group kilichotembea jangwani kwa mbinu hizohizo, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake kuhusu fizikia ya mchanga na vilima vyake, ambacho watafiti wanakitumia mpaka leo. Katika vita hivyohivyo Wamarekani walitengeneza DUKW, lori la jeshi linaloelea majini, na wakaliwekea mfumo ulioongeza na kupunguza upepo wa matairi dereva akiwa kwenye usukani, ili likitoka baharini liweze kupita mchanga wa ufukweni na kuingia barabarani bila kusimama. Jeshi lisingetumia fedha kwa jambo hilo wakati wa vita kama lingekuwa hadithi ya madereva tu.

Mwenye gari la magurudumu manne atasema yeye hahitaji shughuli hii; ataingiza gia ya nguvu na kupita. Pingamizi hili linasikika sana, na lina ukweli ndani yake, kwa sababu gari la namna hiyo hugawa kazi kwa magurudumu yote na hivyo kila moja halisukumi kwa nguvu nyingi. Lakini injini inatoa msokoto tu. Kama mchanga chini ya tairi hauwezi kuupokea msokoto huo, magurudumu manne yatachimba mashimo manne badala ya mawili, na gari litanasa mbali zaidi na barabara kuliko lingenasa dogo. Uwanda huu wa kati umeshatufundisha somo la kutegemea nguvu za mashine dhidi ya udongo, na lilikuwa somo la gharama. Kule Kongwa, mashariki mwa Dodoma, Serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947, ikaleta matrekta na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Udongo wenye chembe za kwatzi ulisaga majembe yao, kiangazi kikaukausha ukawa mgumu kama zege na karanga zikabaki humo zimebanwa, mvua hazikutosha, na mwaka 1951 mradi ukafungwa baada ya kupoteza karibu pauni milioni 36. Waliohesabu nguvu za farasi walisahau kuhesabu udongo.

Kiasi cha kupunguza hakiwezi kuwa kimoja kwa magari yote, kwa sababu ukubwa wa tairi, ugumu wake na uzito wa gari hutofautiana. Hata hivyo kuna viwango vinavyokubalika kwa gari dogo la kubeba mizigo au la magurudumu manne ambalo kwa kawaida hutumia psi 32 hadi 36. Kwenye njia ya changarawe na matuta madogo yanayotetemesha gari, psi 26 hadi 28 hutosha. Kwenye mchanga wa korongo, 18 hadi 20. Gari likiwa limenasa tayari, 15 inaweza kulitoa, kwa mwendo wa pole na umbali mfupi tu. Chini ya hapo tairi la kawaida linaweza kuchomoka kwenye ringi dereva akikata kona, na kulirudisha ni kazi ya karakana, haifanywi korongoni. Ekseli iliyobeba mzigo mzito ibakiziwe psi kadhaa zaidi. Na upepo upunguzwe kabla ya kuingia mchangani, gari likiwa bado kwenye ardhi ngumu. Jambo hili ni dogo kulitamka, ila ndilo linaloshindikana zaidi, kwa sababu dereva huona aibu kusimama mahali ambapo bado hajakwama. Aliyekwisha kuzama hadi kwenye ekseli atapunguza upepo na bado atalazimika kuchimba kwa chepe, kwa kuwa tumbo la gari limelala chini na tairi halibebi uzito wote.

Pingamizi zito kuliko lote ni la fundi tairi anayesema upepo mdogo huua tairi. Yuko sahihi, na wanaoshabikia kupunguza upepo bila kumjibu wanawakosea watu. Tairi likizunguka, ubavu wake hujikunja unapofika chini na kujikunjua unapoinuka, mara mia kadhaa kwa dakika. Kila mkunjo huzalisha joto. Upepo ukiwa mdogo mkunjo ni mkubwa, na mwendo ukiwa mkali joto huzalishwa haraka kuliko linavyoweza kutoka. Nyuzi na mpira huanza kuachana, na tairi hupasuka gari likiwa kasi. Marekani ililijua hili kwa uchungu. Mwezi Agosti 2000 kampuni ya Firestone iliita matairi milioni 6.5 yarudishwe, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya mfululizo wa ajali za matairi kubanduka. Idadi ya vifo vilivyohusishwa nayo ilipita 200. Miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa ni upepo wa psi 26 ambao Ford ilikuwa imependekeza kwa gari hilo. Matairi yenyewe yalikuwa na kasoro, lakini upepo mdogo, mzigo, jua la kiangazi na mwendo wa barabara kuu vilikuwa ndani ya mjadala huo, na sheria iliyofuata ndiyo iliyoyapa magari mapya ya Marekani taa ya kumwonya dereva upepo ukipungua. Kwa hiyo jibu kwa fundi tairi si kumpinga, bali ni kutaja mipaka. Kinachoua tairi ni upepo mdogo ukiunganishwa na mwendo na umbali. Mchangani gari huenda kilomita 15 au 20 kwa saa kwa mita mia chache, na joto halipati muda wa kujikusanya. Mwenye psi 18 asizidi kilomita 40 kwa saa mahali popote, na asiguse lami mpaka amejaza. Anayetoka korongoni karibu na Miyuji, akaingia barabara ya Arusha na kukimbia hadi Kondoa bila kujaza, amefanya hasa kile ambacho fundi anakiogopa.

Miiba na mawe navyo vina upande wao. Tairi laini huvimba ubavuni, na ubavu ni mwembamba kuliko sehemu ya kukanyagia. Nchi hii imejaa migunga, na kisiki kilichokatwa mshazari hutoboa ubavu kirahisi. Tairi gumu kwa upande wake hugonga jiwe bila kunyumbuka, na ncha ikipata mahali pa kukita hukata. Tairi lililopunguzwa kidogo hulimeza jiwe, hulizunguka na kuliachia. Mizani hapa ni kiasi: psi 26 kwenye changarawe hulinda, psi 16 kwenye mawe makali huangamiza, kwa kuwa jiwe huweza kubana tairi hadi ringi ikapinda. Matairi yenye tyubu yanahitaji tahadhari zaidi. Upepo ukipungua sana tairi huteleza juu ya ringi dereva anapoongeza mafuta, huivuta tyubu nayo, na valvu hung'oka. Mwenye tyubu abaki juu ya 20.

Kuna faida moja ambayo madereva hawaitaji kwa sababu haimhusu mtu mmoja, nayo ni ya barabara yenyewe. Yale matuta madogo yanayofuatana na kutetemesha gari kwenye njia za vumbi yamechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1963 mwanafizikia Keith Mather alieleza majaribio aliyoyafanya Australia kwa gurudumu linalozunguka kwenye njia ya mviringo: mwendo ukivuka kiwango fulani, gurudumu hurukaruka na kuchonga mawimbi hata kama njia ilianza ikiwa laini kabisa. Mwaka 2007 Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walionyesha kwamba mawimbi hayo hutokea hata kwa gurudumu lisilo na springi. Kwa hiyo asidai mtu kwamba upepo mdogo utayamaliza. Ila nguvu ya pigo hutofautiana, na hapo ndipo majaribio ya Idara ya Misitu ya Marekani yanapoingia. Kuanzia miaka ya 1980 idara hiyo iliyaendesha malori ya magogo kwa upepo uliopunguzwa kwenye njia za misituni, na ikaona njia zinaharibika polepole zaidi, mitetemo inapungua kwa dereva na kwa gari, na malori yanapanda miteremko iliyokuwa ikiyashinda. TARURA, wakala ulioundwa mwaka 2017 kusimamia barabara za vijijini na mijini, ina mtandao ambao sehemu yake kubwa bado ni udongo na changarawe. Greda hupita, na matuta hurudi baada ya wiki chache. Magari ya umma yanayozunguka vijijini kila siku yangeanza kupunguza upepo na mwendo kwenye njia hizo, greda lingekuwa na kazi pungufu kidogo. Ninakiri ni kidogo. Hata hivyo hatua hiyo haigharimu mafuta ya greda wala kokoto.

Mbuga ni habari nyingine, na hapa ndipo ushauri wa upepo hufikia ukingoni. Udongo mweusi ukiwa mkavu hupasuka nyufa na kuwa mgumu kiasi kwamba gari lolote hupita. Ukilowa huvimba, hunata na kuteleza kwa wakati mmoja. Kama tope ni jembamba na chini yake kuna ardhi ngumu, tairi jembamba lenye upepo wa kutosha hulikata na kufika chini, na kulilainisha kungelifanya lielee juu ya utelezi. Kama tope ni refu bila mwisho, upepo wa psi 20 husaidia kidogo: tairi hupata eneo zaidi, na mpira unaonyumbuka hutema udongo uliojaa katikati ya meno yake. Lakini maeneo ya mbuga kama ya Bahi, magharibi mwa Dodoma, wakati wa masika hayana mbinu ya tairi. Suluhisho ni kuzunguka, au kusubiri jua la siku mbili. Vivyo hivyo kwa korongo lenye maji. Mchanga wake ukiwa mkavu ni suala la upepo. Maji yakiwa yanapita, yakiwa ya rangi ya matope na hujui kina chake, hakuna psi inayokufaa. Mafuriko ya makorongo ya Dodoma huja ghafla kutokana na mvua iliyonyesha mbali, milimani, huku anga juu ya dereva ikiwa nyeupe.

Wako pia wasiopaswa kufuata ushauri huu kabisa. Lori lenye magurudumu pacha nyuma, kama fuso zinazobeba mchanga, linategemea matairi mawili yaliyokaa bega kwa bega bila kugusana. Upepo ukipungua matairi hayo huvimba, husuguana, hushika moto au hubana jiwe katikati. Lori lililojaa mchanga linahitaji msukumo wote aliouandika mtengenezaji, na dawa yake ni kupakia kwa kiasi na kuegesha kwenye ukingo mgumu. Gari dogo la abiria kama Noah linaweza kushuka hadi 24 hivi, si zaidi, kwa kuwa tairi lake ni fupi kimo na ringi iko karibu na ardhi. Dereva wa bodaboda ana tyubu na valvu ya kulinda, basi apunguze psi chache tu.

Yote haya yanasimama juu ya geji, na geji nazo zina mitego yake. Tairi lililojazwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, hadi psi 35 litasoma karibu 37 likifika Dodoma, mita 1,120 hivi juu ya bahari, hata kama halikupata joto, kwa sababu hewa ya nje inayolisukuma imepungua. Jua nalo huongeza: nyuzi joto 25 zaidi huleta kama psi 4. Asubuhi ya Julai ya Dodoma ina baridi kali, na tairi lililopimwa saa moja asubuhi likiwa na 33 linaweza kusoma 37 saa nane mchana baada ya safari, bila mtu kuligusa. Kwa hiyo kiwango cha kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango ni cha tairi la baridi, na anayepunguza tairi la moto hadi 18 ajue kwamba litakapopoa litakuwa na 16 au chini yake. Kubonyeza tairi kwa kidole gumba au kulipiga teke hakuonyeshi tofauti hiyo. Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya sokoni na pampu za mafuta kwa sababu mnunuzi hawezi kupima mwenyewe. Geji ya kompresa iliyo kando ya barabara inastahili uangalifu uleule, maana kosa lake linabebwa na abiria.

Linabaki pingamizi la mwenye kipato kidogo: nikitoa upepo kijijini, nitaurudishaje? Hili halijibiwi kwa maneno. Asiye na pampu asipunguze, isipokuwa amekwama na anajua atatembea polepole mpaka kwa fundi pancha aliye karibu. Lakini pampu ndogo inayotumia umeme wa betri ya gari hujaza tairi moja kwa dakika chache, na pampu ya mguu, ingawa humchosha mtu kwa tairi kubwa, hujaza vilevile. Magari yanayohitaji vitu hivi zaidi hayaendeshwi kwa ajili ya matembezi. Ni ya zahanati yanayopeleka chanjo, ya mabwana shamba, ya wanunuzi wa zabibu, na ya madereva wa jamii wanaoitwa kupitia namba 115 ya mfumo wa M-Mama kumpeleka mama mjamzito hospitalini pale gari la wagonjwa lisipokuwepo. Kwa dereva wa namna hiyo, robo saa ya kuchimba korongoni usiku ina uzito usiolinganishwa na bei ya geji. Halmashauri na miradi hununua gari la mamilioni mengi likiwa na jeki, spana na tairi la akiba. Geji, pampu na chepe viingizwe kwenye orodha hiyohiyo ya manunuzi, na vikaguliwe gari linapokabidhiwa kwa dereva mwingine. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, wanaofundisha madereva wa magari ya umma na ya abiria, wana uwezo wa kuweka somo hili la saa chache, sehemu yake ikifanyika kwenye mchanga halisi. Kwa Dodoma mchanga huo hauko mbali na darasa. Na mafundi pancha walio mahali lami inapokutana na vumbi, kuanzia Miyuji kwenda nje, wanaweza kuandika kwenye ubao wao, kando ya bei ya kuziba pancha, bei ya kumrudishia upepo anayetoka mchangani: matairi manne, kwa geji, kabla hajaigusa lami.